Bwana Shauri wa Handsworth

Jirani yetu wa mkono wa kushoto alikuwa Mwingereza, na katika mtaa wetu wa Handsworth hilo lilikuwa jambo la kusimulia. Mkono wa kulia ilikaa familia ya Masingasinga, ng'ambo ya barabara Wajamaika, na nyumba ya kona alikaa Mama Furaha na wanawe, waliotoka Bukavu kwa kukimbia vita. Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kuhama zamani. Akabaki huyu mmoja, mzee mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka, anayefagia mbele ya mlango wake kila asubuhi kisha akaendelea kufagia mbele ya mlango wetu bila kuombwa.

Jina lake nililijua, lakini hatukulitumia. Mume wangu, dereva wa basi na mtu wa mzaha, alimpa jina jingine: Bwana Shauri. Ndivyo babu zetu walivyomwita Mzungu wa serikali aliyekaa bomani, akasikiliza kesi, akakusanya kodi, akaamua ugomvi wa mipaka. Mzee aliposikia tunamwita hivyo alicheka kidogo, halafu akasema, "Mimi nilikuwa msaidizi wake tu. Lakini kofia zetu zilifanana."

Tulijuana kwa sababu ya ndoo ya maji. Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza Birmingham, naosha mazulia nyuma ya nyumba, na binti yangu Neema anachezea maji. Nikapiga kelele: "Neema, ukiyamwaga hayo utanitambua!" Sauti ya kiume ikatoka upande wa pili wa ua: "Mtoto, msikilize mama yako." Kiswahili kitupu. Niligeuka huku na huku natafuta Mtanzania mwenzangu, nikaona kichwa cheupe juu ya mbao. Aliyeimwaga ndoo nikawa mimi.

Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kisafi, kama nguo iliyokunjwa sandukuni miaka mingi. Gari lilikuwa motokaa, redio ilikuwa simu ya upepo. Ofisi za halmashauri ya jiji aliziita bomani: "Leo nimekwenda bomani kulalamika juu ya takataka." Sisi tulikuwa tunacheka, na Neema, ambaye Kiswahili alikisikia vizuri ila alijibu kwa Kiingereza siku zote, alikwenda kwake jioni kujifunza maneno ambayo hata mimi mama yake sikuyajua.

Nilichelewa kutambua kwamba vitenzi vyake vilikuwa vya kuamrisha. Lete, simama, fungua, ngoja. Hakukusudia ukali. Siku moja alinyoosha mkono juu ya ua akaniambia, "Lete chumvi," kisha akajisikia alivyosema, akaona haya, akafuta miwani. "Nisamehe, Mama Neema. Lugha hii nilifundishwa ili niagize. Kuomba ndiyo najifunza sasa, kwako." Akaanza upya: "Naomba chumvi, tafadhali." Tangu siku hiyo kila alichohitaji alikiomba kwa maneno marefu mno, mpaka mume wangu akamwambia Mzee, chukua chumvi, tutalala njaa tukikusubiri.

*

Alikuwa mtu asiyejipatanisha na nafsi yake. Mwezi wa Novemba alivaa lile ua jekundu la kuwakumbuka askari waliokufa vitani, akasimama kimya sebuleni kwake mbele ya redio. Lakini serikali ilipokuwa inajiandaa kwenda kupigana Iraki, alijifunga skafu, akapanda basi la Soho Road kwenda mjini, akaandamana na vijana wenye umri wa wajukuu zake. Alirudi amepoteza sauti. Nilimpikia uji wa tangawizi nikamuuliza kama hakuogopa kuanguka kwenye umati.

"Nilijua nitakayosikia," alisema kwa kukwaruza. "Watasema tunakwenda kuwasaidia. Mama Neema, sisi Waingereza hatujapata kwenda mahali kwa kusema tunakwenda kuchukua. Na ubaya ni kwamba vijana tunaowatuma wanaamini kweli. Mimi niliamini."

Basi ungedhani mtu wa namna hiyo atafurahi ukiwasema vibaya Waingereza wenzake. Hata. Jioni moja mume wangu, akiwa amechoshwa na abiria walevi, alisema mezani kwetu kwamba taifa hili ni la wezi tu, limeiba dunia nzima na bado linamuuliza yeye kibali cha kukaa. Bwana Shauri aliweka kijiko chini.

"Baba yangu alitengeneza kufuli," alisema. "Hapa hapa, upande wa kaskazini wa mji, katika karakana isiyokuwa na dirisha. Vidole viwili vilikatwa na mashine. Hakuiba kitu. Hakupata hata kuiona bahari." Akawa kama anabishana na mtu mwingine ambaye sisi hatumwoni. "Halafu nikasafiri mimi, meli, treni, lori, mpaka boma letu kule pori la kusini ya Tabora. Siku ya kwanza nikaoneshwa jela. Mlangoni ilining'inia kufuli ya karakana ya baba. Nilifurahi, unajua? Nilifurahi kama mtoto. Nikaishika mbele ya wafungwa nikasema, hii imetoka kwetu."

Mume wangu alimwongezea mchuzi.

Kila Ijumaa alikula mchana kwenye hekalu la Masingasinga kule Soho Road. Alivua viatu, akafunga kitambaa kichwani, akaketi sakafuni pamoja na kila aliyeingia, akala dengu na chapati. Hapo alikuwa na rafiki mmoja, mzee wa Kipunjabi mwenye ndevu nyeupe aliyepigana Burma chini ya maofisa wa Kiingereza. Niliwakuta mara moja nilipompeleka Neema aone. Wamekaa bega kwa bega, hawasemi neno. Nilimuuliza baadaye wanaongea nini. "Kila mmoja anajua mwenzake ataanzia wapi," alisema, "kwa hiyo hatuanzi."

Ila kwa watu wa mtaa, sifa yake kubwa ilikuwa sauti. Majira ya baridi fulani nyumba ya Mama Furaha ilikosa joto. Mwenye nyumba alipigiwa simu wiki nzima, akawa anasema kesho, kesho. Watoto walilala na makoti. Mama Furaha akaja kwangu analia, mimi nikampeleka kwa Bwana Shauri. Alimsikiliza, akaenda chumbani, akarudi amevaa tai. Kupiga simu tu, amevaa tai! Kisha akasimama wima na kusema na yule mwenye nyumba kwa Kiingereza ambacho sijapata kukisikia kinywani mwake, cha chini, baridi, cha taratibu. Hakumtukana wala hakupandisha sauti. Fundi alifika kabla ya giza kuingia.

Mama Furaha alimshika mikono miwili. "Muzee, aksanti sana, Mungu akubariki. Lakini ile sauti yako! Njo ile yenye papa yangu alikuwa anasikiaka kwa plantasio ya majani ya chai. Unaisikia, unatetemeka mbele ya kujua ni nini wanakuomba."

Alisema kwa kumsifu, akiikumbuka sauti ya Wazungu wa shamba. Bwana Shauri alifungua tai akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama leso. Lakini wiki ile ile alipoombwa na jirani mwingine, aliivaa tena. "Ndicho kilichobaki ghalani," aliniambia. "Heri kifanye kazi upande huu."

*

Mama yangu mzazi alikuja kutoka Tanzania nilipokaribia kujifungua mtoto wa pili. Alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, mwenye neno moja kwa kila jambo. Alipomwona jirani asubuhi ya kwanza, alimwamkia kwa mvi zake: "Shikamoo, mzee." Bwana Shauri aliegemeza ufagio, akainamisha kichwa: "Marahaba, mama. Karibu Uingereza. Poleni na safari." Mama alirudi ndani anatabasamu. "Mzungu wako ana adabu," akasema. "Wale wa zamani walikuwa hawaitikii, walipungia fimbo."

Wakawa wanaamkiana kila siku. Wakaongea habari za maharage, kwa sababu yeye aliyapanda nyuma ya nyumba na Mama akamwonesha kwamba anayabana mno.

Kisha, nikiwa nimekwisha kujifungua, Neema akapewa kazi ya shule. Waliambiwa wamwulize mtu mzima: Waingereza walifanya nini duniani? Watoto wengine, nadhani, waliuliza baba zao. Neema alikwenda kwa jirani. Usiku wakati wa chakula mume wangu akamtania, haya, tuambie, walifanya nini? Neema akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba jirani amesema walikwenda kila mahali na kuwaambia watu pa kukaa. Mume wangu akacheka sana. Neema akaendelea: amesema yeye mwenyewe aliwahamisha watu kwa ajili ya mbung'o wanaoleta malale, huko msituni, na akawachoma nyumba zao ili wasirudi. Akataja vijiji ambavyo mzee alimtajia. Vingine alivikosea matamshi. Kimoja hakukikosea: Itundwe.

Mama hakujua Kiingereza, lakini Itundwe si Kiingereza. Mkono wake ulisimama hewani na tonge.

"Mtoto amesema nini?"

Nikamtafsiria. Nilijua kwamba Mama alizaliwa mahali ambapo hapapo tena. Alikuwa akisema hivyo tangu utoto wetu, "kwetu hapapo," na sisi tulidhani ni namna ya kusema tu. Hakumaliza chakula.

Asubuhi yake nilikuwa dirishani. Mama alitoka kutupa taka, Bwana Shauri akasimamisha ufagio akasubiri salamu yake. Mama akasema, "Habari za asubuhi." Akaingia ndani.

Kwa watu wetu huhitaji tusi kubwa zaidi ya hilo. Shikamoo ukishampa mtu mzima humnyang'anyi, labda awe amekufanyia jambo lisilosemeka. Na yeye alijua. Miaka yote ile ya bomani ilimfundisha hilo angalau. Alibaki amesimama, ufagio mkononi, mlango umekwisha kufungwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hakutoka kufagia.

Nilimwambia Mama, mzee wa watu ametusaidia sana, nisitiri. Akaniambia, "Nimemsalimia. Au sikumsalimia?"

Alikuja mwenyewe Jumapili alasiri, akabisha hodi mlango wa mbele ingawa siku zote alipita nyuma. Hakuvaa tai. Mume wangu alimpa kiti akakataa mpaka Mama akae. Mama akakaa.

"Neema ameniambia kwamba mama umezaliwa Itundwe," alisema.

"Nilizaliwa Itundwe. Tulitolewa nikiwa msichana mdogo, meno ya mbele yametoka. Alikuja Mzungu kijana, kaptura, leso puani kwa ajili ya moshi. Ni wewe?"

"Inawezekana. Tulikuwa wawili katika kazi ile, na vijiji vilikuwa vingi. Huenda ni mwenzangu. Lakini mama, kama si Itundwe ni kwingine. Sitajificha nyuma ya mwenzangu."

"Mlituchoma."

"Malale ilikuwa inawaua. Niliona watu wamelala jua la mchana, nzi midomoni, hawaamki. Kulikuwa na zahanati mahali papya, na maji." Alisema haraka, kisha akasita. "Na kabla ya kuhamisha tuliitisha baraza."

"Baraza," Mama alisema. "Baraza lile ulisema wewe. Sisi tulikaa."

Mtoto mchanga alilia chumbani na hakuna aliyeinuka. Kisha Mama akanishangaza. "Sisemi uongo," alisema. "Kaka yangu alikuwa nayo hiyo malale. Alichomwa sindano pale papya, akapona, mpaka leo anauza asali. Na mimi nilisoma pale, Itundwe hapakuwa na shule. Hayo nayajua. Lakini na mengine nayajua, na huyu mtoto," akamwonesha Neema aliyekaa kwenye ngazi, "hayajui. Mimi nikimsimulia ananijibu Kizungu, sielewi kama ameelewa. Wewe ndiye mwenye Kiingereza. Kaa hapa. Mimi nitasema, wewe utamwambia."

Bwana Shauri akakaa. Neema akaitwa, akaketi mkekani katikati yao.

Mama alisimulia kwa vipande, akingoja kila kipande kitafsiriwe. Kwamba baba yake alikuwa na mizinga ya nyuki mitini, mingi, na kila mzinga ulikuwa na alama ya ukoo. Bwana Shauri akaeleza kwa Kiingereza, taratibu, akamwambia Neema pia kwamba mzinga ni gogo lililochimbwa ndani. Kwamba waliambiwa wachukue wanachoweza kubeba kichwani. Akaeleza. Kisha Mama akasema, "Akaja Mzungu kijana, akaamuru nyumba zitiwe moto."

Mzee alimgeukia Neema. Akasema kwa Kiingereza: nikaja mimi, nikaamuru nyumba zitiwe moto.

Nilidhani amekosea. Nilitaka kumsahihisha. Mama Kiingereza hakuwa nacho, ila kile kineno kimoja cha "mimi", kidogo kuliko vyote katika lugha ile, alikijua tangu shule. Alimtazama. Halafu akaendelea.

"Mama yake baba, bibi yangu, alikataa kutoka. Askari wakambeba na kigoda chake."

Askari wangu wakambeba, akasema mzee.

"Mahali papya alikaa siku chache akarudi. Baba akamfuata, akamkuta amelala juu ya majivu ya nyumba yake. Akamleta. Akarudi tena. Safari hiyo baba hakumkuta, wala majivuni, wala msituni."

Hapo mzee alishindwa kutafsiri. Neema alimshika goti akamwambia kwa Kiswahili, mtoto yule ambaye tangu kuanza kusema hakupata kunijibu sentensi nzima ya Kiswahili: "Nimeelewa. Usiseme."

Lakini Mama akasema, "Aseme." Naye akasema, mpaka mwisho.

Neema ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wakubwa tusingeliuliza: ungefanya tena? Mzee alijibu kwa lugha zote mbili ili kila mtu asikie. "Kuwahamisha, sijui. Mpaka leo sijui. Ila ningeuliza, halafu ningengoja nijibiwe. Na hilo la kungoja ndilo lingenitisha kuliko simba."

Mama hakumsamehe, kama kusamehe ni kusema nimekusamehe. Shikamoo haikurudi, ilibaki habari za asubuhi, habari za jioni. Lakini kesho yake alipika makande akampelekea bakuli, na siku iliyofuata tena, mpaka alipoondoka. Nilimuuliza kwa nini. "Anakula peke yake," alisema, kana kwamba nimeuliza jambo la kipumbavu. Siku ya kwenda uwanja wa ndege mzee alibeba begi zito la Mama mpaka kwenye gari. Mume wangu alitaka kumpokea, Mama akamzuia: "Mwache abebe."

*

Bwana Shauri alianguka majira ya baridi miaka miwili baadaye, akavunjika nyonga, na kifua kikaingia maji. Hospitali alikolazwa haikuwa mbali na kazini kwangu, nikawa nampitia nikitoka zamu. Alikuwa amekonda hadi pete inamtoka kidoleni. Wauguzi walikuwa wa Ufilipino, wa Zimbabwe, daktari wake binti wa Kisingasinga aliyezaliwa hapa hapa Handsworth, na yeye aliwatazama wakimgeuza na kumlisha, akaniambia, "Dunia nzima imekuja kuninywesha chai. Sijui tulistahili wapi."

Alasiri moja aliniuliza habari za Mama. Nikamwambia ni mzima, analima. Akauliza analima nini. Nikaona heri aulizwe mwenyewe. Nilikuwa na kadi ya kupigia simu nje, zile tulizokuwa tunakwangua namba, nikapiga, nikasema, Mama, yuko hapa mzee, yu mgonjwa. Nikamwekea simu sikioni.

Nilisikia upande wake tu. "Mimi ni huyu jirani… Ndiyo… Ndiyo, nyonga… Mvua je? … Poleni… Hapana, mama, hakuna maumivu makali… Mahindi au mtama? … Vema." Akacheka, akakohoa. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu sana, macho yametazama dari, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtu anayepokea kazi. "Nitaona aibu," alisema. Akasikiliza tena. Halafu simu ikakatika, kadi imekwisha.

Nilimuuliza amesema nini. "Amenituma," alisema. "Siku zangu zote nilikuwa na tarishi, namtuma na barua huku na huko, hata jina la baba yake sikumuuliza. Leo tarishi ni mimi." Hakutaka kusema zaidi. Alinirudishia simu akaomba, kwa maneno yake marefu, nimpandishie mto.

Alifariki wiki hiyo hiyo. Nilipompigia Mama kumpa habari, akasema Mungu ampumzishe. Ndipo nilipomuuliza alimtuma nini.

"Nilimwambia wewe unatangulia, na mimi nitachelewa kidogo, bado nina shamba. Ukifika, mtafute bibi yangu, umsalimie. Akasema ataona aibu kusimama mbele yake. Nikamwambia nenda hivyo hivyo, na aibu yako. Atakupa kigoda."